Mbadala si Kimithili

Wasomaji wa makala hizi hawahitaji kuelezwa dhamana ni nini. Kila aliyewahi kununua redio, televisheni au boksi la sola katika maduka ya Arua anajua kwamba hupewa kikaratasi chenye mhuri, na kwamba kifaa kikifa kabla ya tarehe iliyoandikwa, mwenye duka ana wajibu. Ubishi huanzia kwenye wajibu huo. Akileta kingine, kiwe cha namna gani? Na hicho kingine kiitweje? Swali la kwanza limeachiwa wafanyabiashara, la pili limeachiwa kamati, nami sijaweza kuamua ni nani kati yao ameharibu zaidi.

Nianze na lililo baya waziwazi. Katika maboksi ya vifaa mna vijitabu vya lugha nyingi, na Kiswahili kikikumbukwa huwekwa mwishoni, kwa herufi ndogo kuliko zote. Humo ndimo utakapokuta "uingizwaji wa bidhaa". Uingizwaji! Uzi huingizwa kwenye tundu la sindano, ng'ombe huingizwa zizini, mzigo huingizwa ghalani. Televisheni iliyokufa haiingizwi popote. Neno hili limetemwa na mashine ya kutafsiri, wala hakuna binadamu aliyejitokeza kudai ni lake. Hata hivyo lina fadhila moja: kwa kuwa hakuna anayelielewa, halimdanganyi mtu.

Hatari imo katika "mbadala". Neno hili halikutemwa na mashine. Lilipitishwa na kamati, tena kamati ya watu waliosoma, ambayo sitaitaja kwa sababu yenyewe haikuona haja ya kunitaja mimi ilipolitupa pendekezo langu. Linasomeka laini, lina sura ya Kiswahili, na mnunuzi hulipokea bila kushtuka. Hushtuka akisharudi dukani.

Mwalimu mmoja wa Aroi alinunua televisheni ya inchi 32 yenye dhamana ya mwaka mmoja. Kabla mwaka haujaisha, nusu ya kioo ikawa nyeusi. Muuzaji kwanza alilaumu umeme, kama ilivyo desturi, kisha akatoa televisheni ya inchi 24, ya kampuni nyingine, iliyokwisha kutumika.

"Madamu, soma mwenyewe," akasema. "Imeandikwa tutakupa mbadala. Huu ndio mbadala."

"Na inchi zangu nane ziko wapi, Hajji?"

"Hiyo ni ofa, madamu. Ukiikataa, shauri yako."

Wengi waliosikia kisa hiki walimlaani muuzaji. Mimi nililaani msamiati, kwa kuwa kwa mujibu wa Kiswahili alichopewa, muuzaji alikuwa sahihi. Tazama neno linavyotumika. Nishati mbadala ni jua na upepo mahali pa mafuta. Tiba mbadala ni mitishamba mahali pa vidonge. Njia mbadala ni ile inayopita kwingine. Katika yote hayo, mbadala ni kitu kisichokuwa kile cha kwanza, na kusifiwa kwake ni kwa sababu hakifanani nacho. Anayeahidi mbadala ameahidi tofauti, na muuzaji yule alitimiza ahadi.

Watetezi wa neno hilo hukimbilia Kiarabu, nami nitawakuta hukohuko. Mzizi ni b-d-l, uliozaa badala, badili, badilisho na mbadala. Waulize wanafunzi wa fikihi mfano wa kwanza wa badala, watakujibu: tayamamu ni badala ya udhu. Maji yakikosekana, vumbi hushika nafasi yake. Ni ruhusa, nayo ina heshima yake, lakini vumbi halijawahi kuitwa maji, na maji yakipatikana tayamamu hubatilika. Televisheni ya inchi 24 ni tayamamu. Muuzaji mwenye inchi 32 rafuni hana ruhusa ya kumpaka mteja vumbi.

Na "ofa" je? Kwa wachuuzi wetu ofa ni punguzo la bei, ni zawadi ya sikukuu, ni soda anayokununulia rafiki. Hakuna anayedai ofa, ofa hushukuriwa. Neno hilo likiwekwa mbele ya mbadala, wajibu wa muuzaji umegeuka hisani, na mnunuzi anayekataa huonekana mtu asiye na shukrani.

Sasa tuingie kwenye neno dhamana lenyewe, maana hapa eneo letu lina utajiri ambao kamati za miji ya mbali hazikuutazama. Dukani Arua utasikia mteja akiuliza, "Iko na waranti?" Vuka mpaka wa Vurra, fika Ariwara upande wa Kongo, uulize jambo lilelile, utajibiwa, "Iko na garanti." Wasiojua hudhani ni maneno mawili. Ni neno moja lililopita njia mbili. Wafranki, kabila la Kijerumani lililoitawala Gaul, walikuwa na neno lililoanza kwa w, lenye maana ya mlinzi au msimamizi wa ahadi. Wafaransa wa kati waliigeuza w ile kuwa g, wakapata garantie. Wanormani wa kaskazini waliibakiza, wakavuka nayo kwenda Uingereza mwaka 1066. Ndiyo maana mtu mmoja huitwa Guillaume kwa Wafaransa na William kwa Waingereza. Wabelgiji wakaleta g Kongo, Waingereza wakaleta w Uganda, na ndugu hao wawili wakakutana tena kwetu, kila mmoja akiwa na sheria yake mkononi.

Sheria hizo hazilingani. Mwaka 1893 Uingereza ilipitisha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, iliyoandikwa na Mackenzie Chalmers, ikagawa ahadi za muuzaji katika tabaka mbili. Ya juu iliitwa sharti: likivunjwa, mnunuzi ana haki ya kuikataa bidhaa. Ya chini ndiyo waranti: ikivunjwa, mnunuzi hudai fidia tu, bidhaa habari yake imekwisha. Uganda ilirithi mgawanyo huo katika sheria yake ya miaka ya 1930, iliyodumu hadi ilipowekwa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017. Ubora wa bidhaa ulihesabiwa kuwa sharti, kwa hiyo haki kubwa ya mnunuzi ilikuwa ndani ya sheria, huku kikaratasi cha dukani kikijivika jina la ahadi ile ndogo. Ng'ambo ya pili, amri ya Kongo ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba ilifuata mkondo wa sheria ya Ufaransa ya 1804: muuzaji hudhamini kasoro zilizojificha, na mnunuzi ana hiari mbili, kurudisha kitu na kupewa bei yake, au kubaki nacho na kupunguziwa bei. Kwa hiyo anayesema garanti kule Ariwara, kwa asili ya neno lake, alishika silaha nzito kuliko anayesema waranti Arua. Isitoshe, waranti kwa Kiswahili cha polisi ni hati ya kumkamata mtu. Sioni kwa nini mnunuzi aliyeibiwa inchi nane aende dukani na neno linalomtisha yeye mwenyewe.

Ndiyo maana nasimama na dhamana. Najua imechoka: mtuhumiwa hupewa dhamana, serikali hukopa kwa dhamana, waziri huwa na dhamana ya wizara. Lakini matumizi yote hayo yana kiini kimoja, yaani mtu amesimama nyuma ya jambo na likiharibika atalipa yeye. Hicho hasa ndicho tunachotaka muuzaji afanye.

Tena Waswahili hawakuanza kudai haki ya bidhaa mbovu walipoletewa televisheni. Makadhi wa pwani walihukumu kwa vitabu vya madhehebu ya Shafi, kimojawapo kikiwa ni Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Humo mna mlango wa khiyari ya aibu. Msomaji wa leo akisikia aibu hufikiria fedheha, lakini asili yake ni kasoro ya kitu. Na khiyari ndiyo hiari yetu, yaani uwezo wa kuchagua. Aliyenunua kitu akagundua kina aibu ambayo haikutajwa, hiari ni yake: akirudishe achukue fedha zake, au akiridhie. Angalia hiari iko mkononi mwa nani. Haiko kwa muuzaji. Muuzaji wa televisheni alichukua hiari ya mnunuzi, akamwachia aibu.

Basi kifaa kinachotolewa mahali pa kibovu kiitweje? Jibu limo katika vitabu vilevile. Wanazuoni waligawa mali katika makundi mawili. Kuna mali yenye mithili, ambayo moja yake hukaa mahali pa nyingine bila tofauti inayojaliwa na wanunuzi. Na kuna mali isiyo na mithili. Aliyeharibu ya kwanza hulipa mithili, aliyeharibu ya pili hulipa kima, yaani thamani yake. Ukimkopesha jirani debe la simsim, hakurudishii debe la muhogo, hata akiapa kwamba vyote ni chakula. Vifaa vya kiwandani ni mali yenye mithili kuliko simsim: namba ya modeli ni moja, vipimo ni vilevile, boksi ni lilelile.

Kutokana na hayo niliunda kimithili, wingi vimithili. Mzizi wake m-th-l tunao tangu zamani: methali, mithali, mathalani, tamthilia. Kiambishi ki- kinakiweka katika jamii ya vitu, karibu na kifaa na chombo, kinakostahili kukaa. Kinatamkika na Mlugbara wa Arua na Mkakwa wa Koboko bila kumeza ulimi. Sentensi ya dhamana inakuwa hivi: "Kifaa kikiharibika ndani ya muda wa dhamana, muuzaji atatoa kimithili, akikikosa, atalipa kima." Nionyeshwe mahali pa kuingiza inchi 24 katika sentensi hiyo.

Pingamizi zilikuja mbili. Ya kwanza ilitolewa na mjumbe mmoja kwa kicheko, kwamba kima ni nyani mdogo, na pia ni nyama ya kusaga, hivyo mteja atadai fedha arudi na nyani. Mjumbe huyo hupokea mshahara unaopangwa kwa kuzingatia kima cha chini, na sijasikia kwamba mwisho wa mwezi hupelekewa nyani.

Ya pili ilikuwa na uzito, ingawa aliyeileta hakuwa nao. Alisema mithili katika ushairi ni mfanano tu. Uso mithili ya mwezi hauwi mwezi. Kwa hiyo kimithili ni kitu kinachofanana, yaani feki. Namjibu kwamba alichanganya mithili ya washairi na mithili ya mizani. Ile ya mizani ina kipimo chake, nacho ni kwamba sokoni pasiwe na anayelipa zaidi kwa kimoja kuliko kingine. Feki hufeli kipimo hicho siku ya kwanza. Na kama tutayakataa maneno yote ambayo washairi wamewahi kuyashika, tutabaki na "uingizwaji".

Mwingine, ambaye vitabu vyake vinauzwa kuliko vyangu na huenda ndiyo sababu yake, alipendekeza "kibadilisho". Kubadilisha ni kupeana: nakupa shilingi unanipa faranga. Mnunuzi mwenye dhamana habadilishani na mtu. Anadai.

Kiswahili kilitangazwa lugha ya taifa la Uganda kwa amri ya mwaka 1973, iliyotolewa na mtu mwenye asili ya Koboko. Mwaka 2005 Katiba ikakifanya lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likakiidhinisha tena. Lugha iliyoidhinishwa mara zote hizo haijaweza kumwambia muuzaji wa televisheni atoe nini.

Kuhusu utekelezaji, kwa ufupi: tunza risiti na kikaratasi cha dhamana, kataa kwa maandishi kifaa usichokubali, usitie sahihi ya kupokea, na ukikwama kuna utaratibu wa madai madogo mahakamani, uliowekwa kwa kanuni za mwaka 2011 kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10, ambako huhitaji wakili.

Kwa watunga kamusi, naweka kidahizo kamili ili wasisingizie kazi:

kimithili nm vi- [ki-/vi-] kifaa cha modeli, vipimo na hali ileile ya upya, anachowajibika kukitoa muuzaji mahali pa kifaa chenye kasoro kilicho ndani ya muda wa dhamana: Mnunuzi alikataa mbadala akadai ~.

Anayeona kidahizo hiki ni kibovu na aandike chake, kisha atie jina lake chini yake. Kamati haina jina la kutia, na ndiyo maana haioni aibu, kwa maana zote mbili.