AC ya Gari Inapuliza Joto? Historia Ina Jibu

Wadau wa Kilwa na Lindi, hii yenu. Zamani kwenda Dar ulivuka Rufiji kwa kivuko, vumbi mpaka kwenye kope. 2003 Daraja la Mkapa likafunguliwa, lami ikaja mdogo mdogo, leo watu wanafunga vioo na kuwasha AC. Kasheshe inaanza ikipuliza joto.

Sasa sikia. Packard ya Marekani iliuza magari yenye AC tangu 1940. Kuizima, unazima injini, unafungua boneti, unatoa mkanda! Baadaye ikaja kujulikana gesi ya R12 inaharibu tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaibana, na miaka ya 1990 magari yakahamia R134a. Ndiyo maana gari la kizamani ukilibandika gesi isiyo yake, mafuta ya kompresa hayaelewani nayo, kompresa inakufa.

Kitu kimoja hakijabadilika: gesi haiishi kama petroli, inazunguka tu. Ikipungua sana, imevuja. Fundi anayekujazia kila mwezi bila kutafuta tundu anakula hela yako. Na huku kwetu pwani, chumvi inatafuna kondensa ile ya mbele.

Kwa hiyo acheki fyuzi na mkanda kwanza. Kisha apake povu la sabuni kwenye maungio, azibe tundu, avute hewa na unyevu kwa pampu, ndipo ajaze kwa kipimo kilichoandikwa chini ya boneti.

Wewe umejaziwa mara ngapi mwaka huu?