Filamu, Feri na Kadi: Kamera za Kwanza za Dijitali katika Pwani ya Kusini ya Kenya

Historia ya kamera za dijitali za watu wa kawaida, yaani zile zilizouzwa tangu katikati ya miaka ya 1990 kwa wanunuzi ambao upigaji picha haukuwa kazi yao, huandikwa aghalabu kwa kuhesabu pikseli, na kwa kipimo hicho kamera hizo huonekana kama vifaa dhaifu vilivyojizatiti kidogo kidogo mpaka vikaishinda filamu. Kipimo hicho huenda kinatosha kwa Tokyo au New York, ambako umeme, kompyuta na duka la kuchapishia picha vilikuwa karibu na mnunuzi. Kwa Mwabungo, kijiji cha Wadigo kilichoko Kwale kati ya Ukunda na Msambweni, hakitoshi, kwa sababu jambo la kwanza ambalo kamera hizo ziligusa katika sehemu kama hiyo ni safari ambayo kila picha ililazimika kuifunga kabla ya kuonekana.

Safari hiyo ilitokana na rangi. Filamu ya kawaida ya milimita 35 ilikuwa na nafasi 24 au 36, na kwa kuwa haikuwezekana kuitoa kabla haijaisha bila kupoteza nafasi zilizobaki, aliyepigwa picha ya tatu alingoja wenzake waijaze. Ilipojaa ilipaswa kuoshwa, yaani kupitishwa katika dawa zinazoifanya picha iliyofichika ijitokeze. Filamu nyeusi na nyeupe iliweza kuoshwa na kuchapishwa na mpiga picha mwenyewe katika chumba kilichozibwa mwanga, kwa mabeseni machache na taa nyekundu. Ya rangi ilidai dawa zenye joto la nyuzi 38 hivi za Selsiasi lisilopanda wala kushuka, na kwa hiyo ilidai mashine. Basi rangi, ambayo kila mteja aliitaka, ndiyo iliyomnyang'anya mpiga picha wa kijijini chumba chake cha giza na kumfanya mtegemezi wa mji, na kwa mtu wa pwani ya kusini mji ulimaanisha Mombasa: zaidi ya kilomita 30 za matatu mpaka Likoni, kisha feri, kisha kungoja, kisha njia ile ile kurudi.

Si ajabu kwamba kivukoni hapo Likoni palizuka, katika miaka ya 1990, safu ya vibanda vya wapiga picha ambavyo mwanaanthropolojia wa Kijerumani Heike Behrend alivichunguza na kuandika habari zake, vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa mandhari ya mbali, ambamo msafiri alipigwa picha mbele ya ulimwengu ambao hajaufikia. Wapiga picha hao walikuwa warithi wa fani kongwe, kwa kuwa studio za Wagoa na Wahindi zilifanya kazi katika miji ya pwani tangu karne ya 19, na huko Lamu Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993, alikuwa akikata na kubandika picha kwa mkono ili kuwaweka watu mahali ambapo hawakuwahi kusimama, miaka mingi kabla ya kompyuta kuifanya kazi hiyo ionekane jambo jipya.

Kamera ya dijitali huweka mahali pa filamu kihisi mwanga, ambacho ni kibamba kidogo chenye maelfu au mamilioni ya vituo vinavyopima mwanga na kuugeuza kuwa nambari, na kila kituo huzaa nukta moja ya picha, yaani pikseli. Steven Sasson, mhandisi wa Kodak, alitengeneza kifaa cha kwanza cha namna hiyo mwaka 1975. Kilikuwa na uzito wa kilo 3.6 hivi, na kilichukua sekunde 23 kuandika picha moja ya nukta 10,000 kwenye kanda ya kaseti. Ilipita karibu miaka 20 kabla kifaa hicho hakijawa bidhaa ya dukani. Apple QuickTake 100 ya mwaka 1994, iliyouzwa Marekani kwa dola 749, ilihifadhi picha nane tu za ubora wake wa juu, haikuwa na skrini ya kuzitazamia, na mtumiaji aliyetaka kufuta picha moja hakuwa na njia ila kuzifuta zote. Casio QV-10 ya mwaka 1995 ilileta skrini nyuma ya kamera na nafasi ya picha 96, lakini kila picha ilikuwa na nukta 320 kwa 240 tu. Mwaka 1997 Sony ilitoa kamera zake za Mavica zilizoandika picha kwenye disketi ile ile iliyotumiwa na kompyuta za ofisini, uamuzi uliofanya kamera kuwa bonge la kifaa lakini ukaondoa haja ya waya na programu za pekee.

Udogo wa picha hizo unaeleweka vizuri zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye tarakimu. Picha ya nukta 640 kwa 480, kama zile za QuickTake na za Mavica za kwanza, ikichapishwa kwa ubora ambao jicho halioni nukta, yaani nukta 300 katika kila inchi, inatoka na ukubwa wa sentimita 5.4 kwa 4.1, ambao unakaribia picha ya pasipoti. Picha ya albamu, ile ya sentimita 10 kwa 15 ambayo familia za pwani zilizoea kuipokea ndani ya bahasha ya studio, ilihitaji nukta zaidi ya milioni mbili, na kamera za watu wa kawaida zilikaribia kiwango hicho mwaka 1999 kwa kamera kama Nikon Coolpix 950. Kwa hiyo katika miaka yake mitano ya mwanzo kamera ya dijitali haikuweza kutoa kile ambacho mteja wa Mwabungo alikiita picha. Wanaoshangaa kwamba wapiga picha wa Afrika Mashariki walichelewa kuipokea wanasahau hesabu hii. Kuchelewa kwao kulikuwa busara ya kibiashara.

Kasoro ya pili haikuandikwa kwenye boksi la kamera, na pwani ilionekana zaidi kuliko Ulaya. Kihisi cha wakati ule kilikuwa na uwezo mdogo wa kubeba kwa pamoja mwanga mkali na kivuli kizito, ilhali filamu ya rangi ya negativi ilivumilia makosa makubwa ya kipimo, hasa mwanga ulipozidi. Mchanga wa fukwe za Diani na Galu ni mweupe kiasi cha kuumiza macho saa sita mchana, na kanzu ya Ijumaa haipungui kwa weupe. Mtu mwenye ngozi nyeusi aliyevaa kanzu na kusimama katika mwanga huo aliilazimisha kamera kuchagua, na ilichagua ama kanzu iliyogeuka bamba jeupe lisilo na mkunjo wala mshono, ama uso uliozama gizani. Chini ya kivuli cha makuti, huku bahari ikimeremeta nyuma, hali ilikuwa mbaya zaidi. Usiku, katika harusi zilizotegemea karabai au taa chache, kihisi kilijaza picha vitone vya rangi visivyokuwepo, na flashi ndogo ya kamera haikufika mbali.

Kamera hizo zilikuwa pia na uzito wa kuitikia. Kati ya kubonyeza kitufe na kunaswa kwa picha mashine ilipaswa kulenga, kupima mwanga na kuandaa kihisi, na ucheleweshaji huo ungeweza kufika sekunde nzima, kisha zikapita sekunde nyingine kadhaa za kuandika picha kwenye disketi au kadi. Kwa mlima au jahazi lililotia nanga hakuna hasara. Kwa sengenya, ngoma ya Wadigo ambayo uzuri wake umo katika mpito wa mwili kutoka pigo hadi pigo, sekunde moja inatosha kumpata mchezaji akiwa amekwisha kugeuka. Skrini na kihisi vilikula betri kwa pupa, na betri nne za kawaida za dukani ziliweza kuisha kabla shughuli haijafika katikati. Betri za kuchajiwa zilidumu zaidi, lakini zilihitaji umeme ambao nyumba nyingi za vijijini Kwale hazikuwa nao wakati huo, huku kamera za filamu kama Zenit ya Kisovieti zikifanya kazi bila betri hata moja.

Pamoja na kasoro hizo zote, sifa yake moja kubwa ilionekana mapema, na ilionekana mikononi mwa wageni. Hoteli za Diani zilikwisha kuifanya pwani ya kusini kuwa mahali ambapo mvuvi, mwanamke mwenye leso aliyebeba kuni na mtoto wa shule walipigwa picha na watu wasiowajua, wakaahidiwa nakala kwa posta, na mara nyingi wasiione. Skrini ndogo ya nyuma ilivunja sehemu ya desturi hiyo, kwa sababu aliyepigwa picha aliweza kuitazama papo hapo, akacheka, akakataa, au akataka ipigwe nyingine. Picha ya papo kwa papo ya karatasi iliyotengenezwa na Polaroid tangu mwaka 1948 iliwahi kufanya hivyo, tena ilimwachia mtu karatasi yenyewe. Ya dijitali ilionyesha kisha ikaondoka na mwenye kamera, na hapo usawa ulioahidiwa na skrini ulikuwa nusu tu. Hata hiyo nusu ilikatizwa upesi: vurugu zilizoanzia Likoni tarehe 13 Agosti 1997 na kuenea kuelekea Diani zilizifukuza familia nyingi na kuziacha hoteli bila wageni, mwaka ule ule ambao Mavica iliingia sokoni.

Sifa nyingine inahusu stara, na pengine ndiyo yenye uzito zaidi katika jamii ya Kiislamu kama ya Wadigo. Harusi ya pwani ina upande wa wanawake, ambako bibi harusi hupambwa na jamaa zake hukaa bila buibui, na picha zilizopigwa huko kwa filamu zilipita mikononi mwa wafanyakazi wa maabara ya mjini ambao ni wageni kabisa kwa familia. Kamera ya dijitali ilimwondoa huyo mtu wa kati, na mwanamke aliyepiga picha angeweza kufuta ile isiyofaa kabla haijatoka chumbani. Ni faida ya kweli, lakini mlango uliofungwa upande mmoja ulifunguka upande mwingine. Familia iliyodai negativi zake na kuzitia sandukuni ilijua kwamba chanzo cha picha kimo mkononi mwake, wakati faili la dijitali hunakiliwa bila kupungua wala kuacha alama, na hakuna sanduku la kulifungia.

Kwa mpiga picha wa kazi, mabadiliko yalikuja pale minyororo miwili ilipokutana, yaani kamera ya megapikseli (pikseli milioni) mbili au zaidi kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili kompyuta na printa katika maduka ya miji midogo. Hapo ndipo gharama ya kila bonyezo iliposhuka karibu na sifuri. Zamani mpiga picha alitaka malipo ya awali, kwa sababu filamu na karatasi vilikuwa pesa yake iliyokwisha kutumika, na mteja aliyefumba macho alifumba kwa gharama ya mmoja wao. Sasa aliweza kurudia mara tano na kuchapisha moja. Kazi iliyofaidika zaidi ilikuwa ile ndogo kuliko zote, picha za vitambulisho na pasipoti, ambazo zamani zilingoja filamu ijae au zilimlazimu mwombaji avuke feri, na ambazo sasa zilitoka muda mfupi baada ya mtu kuinuka kitini.

Kuhusu hifadhi, hukumu haina budi kuwa kali. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia wa Kimarekani Monica Udvardy alimpiga picha Kalume Mwakiru, mzee wa Kigiriama wa upande wa Kilifi, akiwa pamoja na vigango viwili, yaani nguzo za mti zilizochongwa na kusimikwa kwa heshima ya wafu, alivyokuwa amewawekea ndugu zake. Muda mfupi baadaye vigango hivyo viliibwa. Mwaka 1999 Udvardy alikitambua kimoja katika makusanyo ya makumbusho nchini Marekani, na picha yake ikawa ushahidi ulioiwezesha familia kurejeshewa kigango mwaka 2007. Filamu ile ilikaa miaka 14 kabla haijahitajika, na ilipohitajika ilitosha kuinuliwa mbele ya mwanga. Picha iliyowekwa kwenye disketi mwaka 1997 haina tumaini la namna hiyo: Sony yenyewe iliacha kuuza disketi mwaka 2011, kadi za SmartMedia zilizotumiwa na kamera nyingi za wakati huo zilitoweka sokoni, na hewa yenye unyevu ya pwani, ambayo huotesha ukungu ndani ya lenzi, haikuzihurumia disketi. Ni kweli kwamba negativi nazo huliwa na unyevu, lakini zilizoharibika nusu bado huonekana nusu, na faili lililoharibika kwa kawaida halifunguki kabisa.

Kamera hiyo haikupata muda wa kuwa mali ya kila nyumba. Simu zenye kamera, zilizoenea duniani baada ya Nokia 7650 ya mwaka 2002, zilifika mikononi mwa watu wengi wa vijijini kabla ya kamera yenyewe, na mwaka 2011 simu ya Huawei Ideos iliuzwa nchini Kenya kwa chini ya shilingi 10,000 ikiwa na kamera ya megapikseli tatu na ziada. Simu nyingi za bei nafuu zilizoitangulia zilipiga picha za nukta 640 kwa 480, hesabu ile ile ya QuickTake, zikiwa na ucheleweshaji ule ule na nyuso zile zile zilizozama kivulini, na wenye simu hawakulalamika, kwa kuwa picha ilitumwa au ilionyeshwa kwenye skrini na haikusubiri karatasi. Picha ambayo bado huchapishwa kila siku kando ya barabara ya Ukunda ni ile ya vitambulisho na fomu, yenye upana wa sentimita chache, ukubwa ambao kamera ya mwaka 1994 ingeumudu.