Usiku Ellington Alipopiga Dansi Fargo

Katika "Star Dust", Ben Webster anaanza polepole, kama mtu anayezungumza na mwenzake pembeni. Pumzi unaisikia ikipita kwenye saksafoni kabla noti haijatulia. Hapo si studio. Ni ukumbi wa dansi wa Crystal, mjini Fargo, jimbo la North Dakota, Alhamisi ya tarehe 7 Novemba 1940, siku mbili baada ya Wamarekani kumchagua Roosevelt kwa muhula wa tatu. Bendi ni ya Duke Ellington. Waliotega vipaza sauti ni vijana wawili ambao hawakutumwa na kampuni yoyote ya santuri.

Jack Towers na Dick Burris walikuwa wapenzi wa bendi ile, basi. Walifunga safari ya karibu kilomita 300 kutoka Brookings, South Dakota, wakiwa na mashine yao ya kurekodia. Wala hawakujificha nyuma ya pazia. Waliomba ruhusa kwa mawakala wa bendi, wakaahidi kwamba watakachokipata ni cha kusikiliza wenyewe, si cha kuuza.

Kanda hazikuwa zimefika mikononi mwa watu. Mashine yao ilichonga mfereji papo hapo juu ya sahani ya inchi 16 iliyopakwa laki, na sindano ilipochonga, ilitoa uzi mwembamba wa mabaki ambao lazima uondolewe usije ukajiviringisha kwenye sindano na kuharibu kila kitu. Upande mmoja ulichukua kama dakika 15. Aliyewahi kurekodi dansi redioni kwa kaseti anaujua uchungu wa upande kuisha katikati ya wimbo, na baadhi ya nyimbo za Fargo kweli zimebaki vipande.

Hata hivyo, dakika hizo 15 ndizo zilizoleta tofauti. Santuri za madukani wakati ule zilibeba dakika tatu hivi kwa upande, kwa hiyo Ellington alipoingia studio alilazimika kubana kila kitu. Fargo hakukuwa na wa kumbana. Ivie Anderson anaimba "St. Louis Blues", Webster anaupokea, na wimbo unaendelea kupita dakika tano kwa sababu watu bado wanacheza. Kwangu mimi huu ndio ushahidi bora tulio nao wa jinsi bendi ile ilivyokuwa kazini, mbele ya watu waliolipa kiingilio ili wacheze.

Tena vijana wale walibahatika na wakati. Mpiga tarumbeta Cootie Williams alikuwa ameondoka kwenda kwenye bendi ya Benny Goodman, na Ray Nance, aliyeshika tarumbeta mahali pake, alikuwa na siku chache tu kazini. Kwenye besi alikuwepo Jimmy Blanton, kijana wa miaka 22. Kabla yake, wapiga besi wengi walihesabu mapigo tu. Yeye aliifanya besi iseme, ikajibizana na piano na saksafoni, na wapiga besi wengi wa jazi waliofuata wamepita njia aliyoifungua. Kifua kikuu kilimuua Julai 1942, akiwa na miaka 23. Kila dakika ya Blanton ukumbini ni mali ambayo haiwezi kupatikana tena, na usiku ule pekee kuna nyingi.

Sahani zilikaa na Towers miaka mingi. Alihamia Washington, akafanya kazi ya redio katika wizara ya kilimo, na pembeni akajifunza kusafisha mikwaruzo ya santuri kuukuu hadi akawa fundi anayetafutwa. Nakala zilivuja, zikauzwa bila idhini ya mtu. Hatimaye mwaka 1978 rekodi ilitoka kihalali, ikiwa imesafishwa kwa mikono ya Towers mwenyewe, na mwaka 1980 ikapata tuzo ya Grammy kama onyesho bora la bendi kubwa ya jazi, karibu miaka 40 baada ya dansi lenyewe.

Ellington alishafariki mwaka 1974, Nance mwaka 1976. Webster alitangulia mwaka 1973, lakini yeye hakuwa amesubiri santuri ifike dukani. Zamani kabla ya hapo alikwisha kumwomba Towers nakala yake ya "Star Dust".