Rugaruga na Msamiati wa Vita

Mwambie bodaboda akushushe Narung'ombe, Kariakoo, naye atakuuliza tu ni karibu na duka gani. Narung'ombe, Mahiwa, Tandamti: mitaa ya marobota, wapiga debe na mikokoteni. Lakini majina hayo ni ya viwanja vya vita vya kusini, upande wa Lindi, ambako Waingereza na Wajerumani walichinjana mwaka 1917. Na Kariakoo yenyewe ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Mwingereza, jina lililopita midomoni mwa watu wa mjini likatoka na umbo jipya.

Hao ni wageni wawili waliogombana kwetu. Vita vyetu wenyewe na Mjerumani vina msamiati mwingine, na humo ndimo mna ugomvi. Chukua neno "uasi". Wahehe wa Mkwawa walipokivunja kikosi cha Mjerumani Zelewski pale Lugalo, Agosti 17, 1891, walimwasi nani? Huwezi kumwasi mtu ambaye hujawahi kuwa chini yake. Kwa Maji Maji ya 1905 neno lingeweza kujitetea kidogo, maana kodi na pamba ya lazima vilikwisha kuingia. Hata hivyo wananchi walishaamua: ni Vita vya Maji Maji, basi.

Neno tulilolitupa mapema mno ni "rugaruga". Hao walikuwa wapiganaji wa Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, yule ambaye mtaa wake uko mjini, pale Benki Kuu. Baadaye Mjerumani naye akawa na rugaruga wake: wenyeji wasio na sare, waliofuatana na askari, wakichoma vijiji na kujilipa kwa nyara. Merere wa Wasangu, hasimu wa Wahehe tangu zamani, alisimama na Mjerumani dhidi ya Mkwawa. Vitabu vya shule vinatosheka na "wakoloni" na "mababu zetu". Jirani aliyeshika bunduki upande wa pili hana jina.

Waapache wa Marekani wanayajua haya ya jirani kusimama upande wa pili. Geronimo, mpiganaji wao, alijisalimisha Arizona mwaka 1886 baada ya kufikiwa na Kayitah na Martine, Waapache wenzake waliotumwa na jeshi la Marekani. Nao wakaishia Florida, wafungwa kama yeye. Ukiwaita maskauti, kama Kiingereza kinavyowaita, msomaji wetu atawaza vijana wenye skafu shingoni. Mimi ningewaita rugaruga.