Kubana mashine pepe wakati wa uhamisho hai

Kubana mashine pepe ni hila ya kuipunguzia mashine kasi ya kazi, kwa makusudi na kwa muda mfupi, ili uhamisho wake kutoka seva moja kwenda nyingine upate kukoma, uhamisho ambao pasipo mbano huo ungeweza kuendelea bila hatima. Mashine pepe ni kompyuta isiyo na mwili wake: ni programu iliyomo ndani ya kompyuta kubwa, yenye kumbukumbu yake, diski yake na saa yake, na waitumiao aghalabu hawajui kwamba inaishi nyumba moja na wenziwe wengi. Katika majumba ya kuhifadhia data, na Tanzania inalo la taifa huko Kijitonyama, Dar es Salaam, hutokea seva ikahitaji kuzimwa kwa matengenezo ilhali mashine zilizomo zingali na watu wake. Ndipo huhamishwa zikiwa hai.

Kumbukumbu ya mashine imegawika kurasa ndogo, kwa kawaida za baiti 4,096 kila mmoja, nazo hunakiliwa zote kwenda kwenye seva mpya. Lakini kwa kuwa mashine haikusimama, baadhi ya kurasa huandikwa upya nyuma ya mnakili. Hizo huitwa kurasa zilizochafuka, na sharti zipelekwe tena katika duru ya pili, na zitakazochafuka katika duru ya pili zipelekwe katika ya tatu, hata kibakie kiasi kidogo kiwezacho kuvushwa mashine ikiwa imesimamishwa kwa kitambo tu. Katika QEMU, programu ya kuendeshea mashine pepe, kitambo hicho, msimamizi asipoagiza vingine, ni milisekunde 300.

Watu wa Mikindani wanayo maarifa haya tangu zamani, ijapokuwa si kwa jina hili. Mashua itokayo ghuba ya Mikindani kuelekea Msimbati na mlango wa mto Ruvuma, wakati kusi linapovuma, huenda joshi ikipasua mawimbi kwa omo, na kadiri inavyozidi mbio ndivyo maji yanavyozidi kuingia. Baharia aliye ngamani hufua maji kwa upo wake, na maadamu anayoyatoa ni mengi kuliko yanayoingia, mwisho ngama itakauka. Yakiingia mengi kuliko yatokayo, hata afue mpaka usiku kazi haitaisha. Ndipo nahodha anapolegeza demani, chombo kikapunguza mwendo, na yule wa ngamani akawahi. Njia ya mawasiliano baina ya seva mbili ndiyo upo. Kubana mashine ndiko kulegeza demani.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme mashine ina kumbukumbu ya megabaiti 8,000, na njia hupitisha megabaiti 100 kwa sekunde, basi duru ya kwanza huchukua sekunde 80. Ikiwa mashine huchafua megabaiti 20 kwa sekunde, kitakachobaki ni 1,600, kisha 320, kisha 64, kisha chini ya 13. Na kwa kuwa milisekunde 300 hutosha kuvusha 30, safari imekwisha. Lakini tuseme ni hifadhidata inayopokea bei za mnada wa korosho katikati ya msimu, nayo huchafua 120 kwa sekunde: kila duru itaukuta mzigo ule ule, na hata kesho hautapungua. Ikibanwa kwa nusu ikachafua 60, baada ya duru 11 salio litakuwa limeshuka chini ya 30.

QEMU ilianza kubana kwa njia hii katika toleo la 1.6 la mwaka 2013, na tangu toleo la 2.5 la mwaka 2015 mbano huenda kwa ngazi: huanza kwa asilimia 20, na ikionekana hautoshi huongezwa asilimia 10, tena na tena, hata ufike asilimia 99. Kinachofanyika ni kulazwa usingizi. Kwa mbano wa nusu prosesa pepe hufanya kazi milisekunde 10 na kulala 10. Kwa mbano wa asilimia 99 hufanya kazi 10 na kulala 990, hali ambayo mimi sioni tofauti yake na kusimama, ila ya jina. Fikira yenyewe ni kongwe zaidi: wataalamu wa Cambridge na Copenhagen walioeleza uhamisho hai juu ya Xen, programu nyingine ya jinsi hiyo, mwaka 2005 walikwisha kujaribu kuzipumzisha programu korofi baada ya kuandika kurasa 40, na VMware ilitia hila ya jamaa hiyo katika vSphere 5.0 mwaka 2011.

Ila ya mbano ni kwamba huwaadhibu wasio na hatia, kwani prosesa inayosoma tu hulazwa sawa na ile inayoandika. Kwa ajili hiyo QEMU 8.1 ya mwaka 2023 iliongeza njia ya kuzibana zile tu zinazochafua mno. Wako pia wanaoukataa mbano kabisa, wakapendelea kuihamisha mashine kwanza na kuzifuatisha kurasa baadaye. Njia hiyo ni ya haraka, lakini mawasiliano yakikatika katikati mashine huwa imegawanyika sehemu mbili, wala haipo hai kokote. Ilhali uhamisho wa kawaida ukivunjika, mashine hubaki salama ilikotoka. Kwa nchi ambayo tarehe 12 Mei 2024 ilishuhudia nyaya za EASSy na SEACOM zikikatika baharini na intaneti ikazorota, nauchagua mbano, kwa sharti kwamba mwenye mashine aarifiwe mapema, kwani yeye hulipia kasi kamili.

Mashine ikisha kufika, mbano huondolewa. Katika QEMU haufanyi kazi mpaka uagizwe, wala agizo hilo halikubaliwi uhamisho ukisha kuanza. Msimamizi hana budi kuliweka kabla ya safari.