Boriti, Roshani na Neno "Nguvu": Historia Fupi ya Istilahi za Mkazo

Miongoni mwa maneno yanayowatatiza wafasiri wa vitabu vya ufundi, ni machache yanayobebeshwa mzigo mkubwa kama neno "nguvu". Husemwa kwamba uzito una nguvu, kwamba mti una nguvu, na kwamba ndani ya mti huo zimo nguvu zinazouvunja. Hayo ni mambo matatu mbalimbali. La kwanza ni kani inayotoka nje. La pili ni uimara wa mti wenyewe. La tatu ni mkazo unaozuka ndani ya mti uelemewapo. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha, kwa mifano ya pwani ya Mtwara, kwamba kuyatenganisha maneno haya kuna historia ndefu na faida kubwa.

Nyumba za kale za pwani yetu, zikiwamo zile za mawe na chokaa za Mikindani, zilifunikwa dari kwa miti ya mikoko. Urefu wa miti hiyo ndio uliopanga upana wa vyumba, ambao kwa kawaida haukuzidi sana mita 3. Mikoko ya aina nyingi humea katika maingilio ya Mto Ruvuma, eneo ambalo tangu mwaka 2000 limo katika hifadhi ya bahari: mkoko wenyewe, mkandaa, msinzi, mchu na mingineyo. Wafanyabiashara wa miti katika pwani ya Waswahili waliihesabu kwa korja, yaani miti 20, na wakaipanga kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, kisha nguzo. Msomaji asiyadharau majina hayo akidhani ni ya sokoni tu. Kila jina lamweleza fundi kazi ambayo mti huo waweza kuifanya.

Boriti ya darini hushikwa na kuta mbili. Lakini roshani, neno tulilolipata kutoka Kiajemi, huweza kubebwa na boriti zilizopachikwa ukutani upande mmoja tu, na ncha za pili zikatokeza nje bila tegemeo. Boriti ya namna hiyo tunapendekeza iitwe boriti tokezi.

Hiyo ndiyo boriti aliyoichunguza Galileo Galilei katika kitabu chake juu ya sayansi mbili mpya, kilichochapishwa Leiden mwaka 1638. Alichora mti uliopachikwa ukutani, na uzito ukining'inia kwenye ncha yake. Aliona sawasawa kwamba mti huo ni wenzo, na kwamba hatari kubwa iko penye ukuta. Hata hivyo, alidhani kwamba sehemu yote ya mti penye ukuta huvutwa kwa kiasi kimoja, na kwamba mti hugeukia kwenye ukingo wake wa chini. Kwa mti wa pande nne ulio mnyumbufu, hesabu yake huupa uimara mara 3 ya ule wa kweli. Wataalamu waliofuata, hasa Parent mwaka 1713, Coulomb mwaka 1773 na Navier mwaka 1826, walieleza kwamba upande wa juu huvutwa, upande wa chini hugandamizwa, na katikati upo mstari usiovutwa wala kugandamizwa. Maendeleo hayo yalihitaji kutenganisha mambo ambayo neno moja lingeyaficha.

Sasa tuchukue boriti tokezi yenye kipenyo cha milimita 120, iliyotokeza mita 1. Kwenye ncha yake pamefungwa kamba inayovuta kwa kani ya nyutoni 1,000, ikielekea chini na nje, na kufanya pembe ya digrii 60 na boriti. Kani hii ya mshazari yapasa igawanywe mara mbili: nyutoni 866 zinazopinda boriti, na nyutoni 500 zinazoivuta kwa urefu wake. Penye ukuta, mpindo huleta mkazo wa nyutoni 5.105 kwa kila milimita ya mraba, ilhali mvuto wa urefu huleta 0.044 tu. Upande wa juu mikazo hiyo hujumlishwa kuwa mkazo wa mvuto wa 5.149, upande wa chini hupunguzana, ukabaki mgandamizo wa 5.061.

Kani mbili zinazokaribiana zimezaa mikazo inayopishana zaidi ya mara 100. Mwanafunzi aliyefundishwa kuziita zote "nguvu" atafahamuje jambo hilo? Tena, tukiweka pau ya milimita 60 mahali pa boriti hiyo, mkazo wa mvuto utazidi mara 4, lakini ule wa mpindo utazidi mara 8. Ndiyo maana pau na boriti hazikupewa jina moja.

Jambo hili halikomei kwenye nyumba za kale. Gati la Mtwara, lililojengwa kwa ajili ya Mpango wa Karanga ulioanza mwaka 1947 na kufunguliwa mwaka 1954, ni la kufungia meli kubwa. Nguzo fupi ya gatini ya kufungia kamba ni boriti tokezi iliyosimamishwa wima: imeshikwa chini, na kamba huivuta kwa mshazari. Maji yakijaa, au meli ikipunguziwa shehena, meli huinuka na pembe ya kamba hubadilika. Mkazo nao hubadilika, hata kama kani ni ile ile. Maelezo ya usalama yasemayo tu kwamba "nguvu isizidi" humwacha mfanyakazi bila kujua apime nini.

Kwa hiyo twapendekeza kani itumike kwa kile kitokacho nje; mkazo kwa kile kilicho ndani, kikipimwa kwa eneo; na uimara kwa kikomo ambacho mti au chuma chaweza kuhimili. Chini ya mkazo ziwekwe aina zake: mvuto, mgandamizo na mkato. Twatambua kwamba wanaisimu hulitumia neno mkazo katika matamshi, na kwamba mvuto hutajwa pia katika habari za dunia na sayari. Muktadha utatosha kuzitofautisha maana hizo, mradi mfasiri aeleze istilahi yake mara ya kwanza aitumiapo, na asiibadilishe hadi mwisho wa kitabu.