Kuku Katika Picha ya Bwana Afya

Watu wakitoka kuangalia picha hawaendi nyumbani moja kwa moja. Hapa Isikizya, kama kila mahali nilipopata kuishi, husimama kwanza. Husimama mlangoni mwa banda, au chini ya mwembe, wakaanza kusema. Mmoja atasema stelingi alichelewa kurusha ngumi. Mwingine atasema adui alikuwa na haki zake ila hakupewa nafasi ya kujieleza. Wa tatu atasema picha ilikuwa nzuri lakini mwisho wake umeharibiwa. Maneno hayo huchukua nusu saa, pengine saa nzima, kisha watu hutawanyika na hakuna anayeyaandika.

Nimeishi karibu na maneno hayo kwa muda mrefu. Kwanza niliyadharau, baadaye nikayasikiliza, na sasa nayasikitikia kwa kuwa yanapungua. Katika kurasa hizi chache nataka kueleza kwa nini naamini kwamba historia ya sinema katika nchi yetu imo katika maneno hayo kama ilivyo katika picha zenyewe.

Mijini sinema ililetwa na wafanyabiashara, wengi wao Wahindi, nayo ilikuja kama burudani. Vijijini ililetwa na serikali na wamisionari, nayo ilikuja kama somo. Mwaka 1935 ulianzishwa huko Vugiri, katika milima ya Usambara, mradi wa kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika. Uliendeshwa na Meja L. A. Notcutt pamoja na Bwana G. C. Latham, na fedha zake nyingi zilitoka katika shirika la Carnegie la Marekani. Hadi mradi ulipofungwa mwaka 1937 zilikuwa zimetengenezwa filamu fupi zipatazo 35: za kodi, za safura, za mbegu bora, za kuweka akiba posta. Sauti iliwekwa katika santuri, mbali na picha, ili lugha iweze kubadilishwa kadiri lori lilivyosafiri kutoka Tanganyika kwenda Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Mwaka 1939 Serikali ya Uingereza ikaunda kitengo chake cha filamu za makoloni huko London. Kiongozi wake alikuwa William Sellers, aliyekuwa ofisa wa afya nchini Nigeria. Sellers alikuwa na kanuni zake. Filamu ya kumwonyesha Mwafrika, alisema, iende polepole. Isiruke kutoka mahali hadi mahali. Isiwe na hila za kamera. Kila tendo lionyeshwe toka mwanzo hadi mwisho. Kwa maneno mengine, mtazamaji wetu alihesabiwa kuwa hajui kutazama.

Kuna kisa kimoja ambacho wataalamu wa mambo hayo hupenda kukisimulia. Kilielezwa na Mwingereza John Wilson mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha kikaenea duniani kote baada ya Marshall McLuhan kukiingiza katika kitabu chake cha mwaka 1962. Bwana Afya mmoja alitengeneza filamu ya dakika tano hivi, ya polepole kabisa, kuwafundisha wanakijiji wa Afrika namna ya kuondoa maji yaliyotuama kuzunguka nyumba zao. Baada ya kuionyesha, watazamaji waliulizwa: Mmeona nini? Wakajibu: Tumeona kuku. Waliowaonyesha walishangaa, maana hawakujua kwamba filamu yao ina kuku. Wakaipitia kipande kwa kipande, na kweli, kwa muda wa sekunde moja hivi, kuku alikuwa amekurupuka na kukatiza pembeni mwa picha.

Kisa hicho kilichukuliwa kuwa ushahidi kwamba mtu wa kijijini hajajifunza kusoma picha: hukamata kitu kimojakimoja na kuliacha jambo zima. Nami nilipokisoma mara ya kwanza, nikiwa kijana niliyehitimu chuo cha ualimu, nilicheka pamoja na waliocheka. Nilijiona niko upande wa Bwana Afya.

Leo nakisoma vingine. Watu wale walikuwa wafugaji wa kuku. Kuku akikurupuka pana sababu: ama pana kicheche, ama pana mwewe, ama mtu amemkanyaga. Waliokuwa wakiuangalia uwanja ule kama uwanja wa kweli waliona jambo la kweli likitokea ndani yake, na mtengenezaji, aliyekuwa akiangalia somo lake tu, hakuliona. Sasa, ndugu msomaji, ni nani hapo asiyejua kutazama?

Nina sababu yangu ya kukirudia kisa hicho. Katika miaka ya 1990 nilikuwa nafundisha shule ya msingi katika mkoa huu wa Tabora. Televisheni ilikuwa ndiyo kwanza inaanza Tanzania Bara, mwaka 1994, na huku kwetu haikuwa imefika. Kilichokuwapo ni mabanda ya video: kuta za matete au za udongo, magunia madirishani, jenereta nje, deki na kanda ndani. Sisi walimu tuliyaona mabanda hayo kuwa adui wa shule. Mwanafunzi aliyekutwa huko alichapwa.

Siku moja niliwapa watoto wa darasa la sita insha ya kuandika, kichwa chake kikiwa ni safari yangu wakati wa likizo. Kijana mmoja, ambaye nilijua hakuwa ameondoka kijijini hata siku moja, aliandika kurasa mbili juu ya mji mkubwa wa ng'ambo. Aliandika habari za magari, za mvua isiyokatika, za ngazi zinazopanda nje ya nyumba. Kisha akaandika kwamba watu wa mji ule hupishana njiani bila kuamkiana, na mtu anaweza kuuawa mlangoni pa jirani yake na jirani akazima taa. Nilielewa mara moja kwamba safari yake ilikuwa ya bandani. Nikachora mstari mwekundu toka juu hadi chini, nikaandika neno moja, "Uongo", na nikamchapa viboko vinne mbele ya wenzake.

Mtoto wa Kinyamwezi, aliyefundishwa kusema mwangaluka kwa kila mkubwa anayempita asubuhi, alikuwa ameutazama mji wa wageni na kuona kitu ambacho mwandishi wa picha ile pengine hakukikusudia. Alikuwa amemwona kuku. Nami nilimchapa.

Sikumbuki ni lini nilianza kujuta, lakini nakumbuka ni lini nilianza kusikiliza. Ilikuwa jioni moja bandani, walipoonyesha picha ya Kihindi iitwayo Mother India. Picha hiyo ya Mehboob Khan ilitoka mwaka 1957, na kwa muda mrefu ilipendwa sana Afrika Mashariki. Ni habari ya mama wa kijijini, Radha, anayechezwa na Nargis. Familia yake imenaswa katika deni la mkopeshaji ambaye hesabu zake hakuna anayeweza kuzisoma. Mama huyo anafikia kuvuta plau kwa mabega yake mwenyewe. Mwanawe mmoja, Birju, anakuwa jambazi, anamwua mkopeshaji, na anamteka binti wa marehemu. Mwishoni mama anampiga risasi mwanawe huyo mwenyewe ili kuokoa heshima ya binti yule na ya kijiji.

Hakuna hata mmoja wetu aliyejua Kihindi. Lakini mazungumzo yaliyofuata nje ya banda yalikuwa mazito kuliko mengi niliyoyasikia vikaoni. Bibi mmoja alisema mama alikosea, maana mtoto hauawi. Mtoto mbaya hufukuzwa, akaenda kuwa mbaya kwingine. Mwenzake akamjibu kwamba aliyetekwa naye alikuwa mtoto wa mtu. Mzee mmoja mkulima wa tumbaku, aliyekuwa kimya muda wote, akasema: "Ninyi mnagombania risasi. Mimi nataka kujua habari za kile kitabu cha deni." Wote wakanyamaza. Huku kwetu mkulima wa tumbaku huchukua mbolea kwa mkopo, akakatwa wakati wa mauzo, na si kila mtu anayejua kuikagua hesabu aliyoandikiwa. Kwa mzee yule picha nzima ilikuwa katika kile kitabu. Usiku ule walikaa hadi saa tano.

Jioni nyingine iliwekwa kanda ya Kizungu iliyokwisha kupoteza ganda lake, kwa hiyo jina lake silijui. Ilikuwa moja ya zile za wapelelezi wa zamani na misafara yao. Picha za namna hiyo zimetengenezwa kadhaa. Stanley and Livingstone, ambamo Spencer Tracy alicheza kama Stanley, ilitoka mwaka 1939. Mountains of the Moon, ya Burton na Speke, ilitoka mwaka 1990. Zinasimulia habari za njia hii yetu hasa. Burton na Speke walifika Kaze, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857. Livingstone alikaa Kwihara mwaka 1872, kwanza pamoja na Stanley, kisha peke yake akingoja wapagazi hadi Agosti.

Katika ile kanda isiyo na jina wapagazi walipita katika mstari mrefu, mizigo kichwani, wakienda mbio mbio. Banda zima likaguna. Mzee mmoja akasema kwa sauti: "Hao si Wanyamwezi. Mnyamwezi hubeba begani." Mwingine akaongeza: "Na hayo masanduku ni matupu. Tazama shingo zao." Vijana wakacheka, kisha wakatazama shingo.

Maneno ya wazee wale yalikuwa historia tupu. Wapagazi wa Kinyamwezi walijulikana kwa kubeba begani, tofauti na wengi wa watu wa pwani waliobeba kichwani. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na ulibebwa kwa miezi kati ya Unyanyembe na bahari. Mtu mwenye mzigo huo hakimbii, na shingo yake haisimami vile. Mtengenezaji wa picha alikuwa na fedha na kamera, tena pengine na washauri. Hakuwa na mjukuu wa mpagazi wa kumwambia kwamba sanduku lake ni tupu.

Si kwamba watu wetu walikosekana kabisa upande wa pili wa kamera. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilitengenezwa hapa Tanganyika picha ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu, na mchezaji wake mkuu alikuwa kijana Rashidi Kawawa, aliyesoma shule ya serikali ya Tabora na ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wetu. Baada ya Uhuru, mwaka 1968, ikaundwa Tanzania Film Company. Katika miaka ya 2000 zikaja picha zetu za video, na Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012 hapa Isikizya watu walibishana juma zima ni ipi iliyokuwa bora kati ya alizocheza. Na kabla ya hapo mabanda yalikuwa yamepata wakalimani kama Derek Mukandala, yule Lufufu, waliotia Kiswahili chao juu ya picha za wageni, wakichanganya tafsiri na maoni yao wenyewe. Wengine waliona wanaharibu picha. Mimi naona waliyachukua tu mazungumzo ya mlangoni wakayaingiza ndani ya kanda.

Mambo hayo ya watengenezaji na makampuni yameandikwa, na yataendelea kuandikwa. Kinachonisumbua ni upande wa watazamaji. Maneno ya Sellers juu yetu yamehifadhiwa maktabani London. Maneno yetu juu ya picha zake yako wapi? Walioyasema wengi wamekwisha kufa. Na sasa vijana wengi hutazama picha kwenye simu, kila mmoja na yake, spika masikioni. Sisemi ni vibaya. Wanaona picha nyingi kuliko tulizoziona sisi. Lakini picha inapokwisha, aliye karibu naye hakuiona, kwa hiyo hakuna wa kubishana naye. Hukumu hubaki kichwani mwa mtu mmoja, na huko huyeyuka.

Yule kijana niliyemchapa ni mtu mzima sasa, ana watoto. Tulionana miaka michache iliyopita nilipopita dukani kwake, ambako huchaji simu za watu na kuwawekea picha. Aliniamkia kama zamani: "Shikamoo, mwalimu." Nikamwambia kwamba insha yake ilikuwa nzuri na kwamba nilikosea. Alifikiri kidogo, akasema haikumbuki insha, anavikumbuka viboko. Sikuwa na la kujibu. Kisha akaniuliza, kwa adabu tu, kama kuna picha niliyoiona karibuni na nimeionaje. Tukakaa pale bao la dukani hadi giza likaingia.

Tangu hapo ninaweka daftari. Nikisikia watu wanazungumza habari za picha, iwe dukani, garini au msibani, naandika walichosema, bila majina yao, na mwaka. Si kazi ya kitaalamu, na huenda panya wakaila kabla mtu hajaisoma. Lakini namwomba kila mwalimu atakayesoma kurasa hizi afanye vivyo hivyo mahali alipo. Awaulize watu wameona nini. Wakisema wameona kuku, asicheke. Arudi akaitazame picha tena.